Tofali Lililoliwa Uso

"Afande, mimi ushahidi wangu nimeusugua mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Fundi Limau aliyasema hayo akiwa ameshika nondo za mlango wa selo. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyotumwa.

Inspekta alivuta kiti akakaa mbele yake, karibu kabisa, magoti yake yakagusa nondo. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Saa sita kamili gari la mahabusu lingeondoka kwenda mahakamani, na jina la Limau lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Shitaka: wizi wa jenereta ya zahanati ya uzazi. Akishasomewa tu, anapelekwa gerezani kungoja kesi, na kesi za wizi zilikuwa zinangojwa mwaka na zaidi. Nyumbani alikuwa na mke na mapacha wa miezi mitano.

"Hebu eleza tena," Inspekta alisema. "Polepole. Usiruke kitu."

"Jumapili nimefika zahanati saa mbili asubuhi. Bwana Stoo akanionyesha kazi. Njia ya mbele, ina vidoa vya kutu vidogo vidogo kwenye pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Halafu akanipeleka nyuma ya chumba cha kufulia, pale pembeni ukutani, akasema na hapa. Hapo, afande, hapakuwa na jenereta. Palikuwa na nyayo zake."

"Nyayo?"

"Chuma kikikaa juu ya tofali la saruji, mvua ikanyesha, kutu inateremka na maji inaingia ndani. Ukikiondoa chuma, nyayo zinabaki. Mraba hapa, mraba pale, jumla minne. Rangi kama chungwa lililoiva. Nikajua hapa kulikuwa na kitu kizito kimehamishwa. Sikuuliza. Mimi nimeitiwa madoa."

"Ukazifuta."

"Nikazifuta zikafutika! Si ndiyo kazi yangu? Ningekuwa fundi mbovu, leo niko kwangu nakunywa chai."

Konstebo, aliyekuwa anaandika, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mlinzi wa geti anasema ulitoka na mkokoteni umefunikwa turubai," Inspekta aliendelea.

"Ndani mlikuwa na ndoo, mpira wa maji, brashi na dawa. Dawa yangu ni sumu, afande. Siwezi kuitembeza wazi barabarani watoto wakaigusa."

"Na jenereta ile inabebwa na wanaume wanne."

"Mwambie hivyo aliyenikamata. Yeye anasema nilikuwa na wenzangu watatu. Nimemwambia wenzangu wote nimewaacha nyumbani, wawili kati yao bado hawajaota meno."

Safari hii Konstebo hakujizuia.

Inspekta aliinuka. "Limau, kuna kitu hujaniambia?"

Fundi alikuna kidevu. "Labda kuna kitu sikijui, afande. Hicho siwezi kukwambia."

* * *

Saa tatu na dakika kumi walikuwa kwenye ua wa zahanati. Konstebo ndiye aliyeona kwanza. Alichuchumaa kwenye njia ya upande, akainuka, akachuchumaa tena mbele zaidi.

"Afande! Njoo! Njoo uone!"

Kwenye pevingi ya kijivu kulikuwa na vidoa vya kutu, kila kimoja saizi ya punje ya mtama, vimefuatana mstari mmoja. Vilianzia karibu na chumba cha kufulia, vikapinda kona, vikaendelea.

"Mzigo umepita hapa," Konstebo alisema, pumzi zimempanda. "Chuma kibovu, kinadondosha kutu njia nzima. Tukivifuata vidoa hivi tunafika kwa mwizi mpaka mlangoni!"

"Basi vifuate."

Konstebo alivifuata ameinama, kofia mkononi, mguu kwa mguu. Akapinda kona. Akapita dirisha la maabara. Akapita benchi walipokaa akina mama wajawazito, wakasogeza miguu apite. Akafika mwisho wa vidoa, akanyanyua kichwa, na mbele yake palikuwa na ua la waridi.

"Umemkamata?" Inspekta aliuliza.

Sauti ya Matroni ilitoka dirishani. Alikuwa mama mnene, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. "Hiyo ni mbolea, wanangu. Gunia lilikuwa limetoboka, likabebwa kutoka stoo, hapo jirani na chumba cha kufulia, mpaka bustanini huku linamwaga. Ile mbolea ina chembe za chuma ndani yake. Kila punje ikipata maji inaacha doa lake. Ndiyo maana nikaita fundi wa kutu. Hapo upande hajapafikia, alisema angemalizia Jumatatu."

"Alisema angerudi Jumatatu?" Inspekta aliuliza.

"Aliniahidi hivyo. Kumbe Jumatatu yenyewe alfajiri umeme ukakatika, tunakimbilia jenereta, hakuna kitu. Nimemzalisha mtu kwa tochi ya simu, nesi mmoja anamulika, mwingine anamwomba Mungu." Alivaa miwani. "Nani angetufanyia hivyo?"

"Matroni, wewe uliagiza afute wapi na wapi?"

"Njia ya mbele na ya upande. Wanapopita wagonjwa."

"Na nyuma ya chumba cha kufulia?"

"Nyuma? Nyuma huko anakwenda nani? Mimi mwenyewe sijafika tangu mwezi uliopita."

Inspekta alimtazama Konstebo. Konstebo alikuwa ameshaanza kuandika.

Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na kibanda cha mabati kisicho na milango, kimeegemea ukuta wa uzio. Ndipo jenereta ilipokuwa inakaa. Sakafu ilikuwa ya pevingi ile ile. Inspekta alipiga magoti, akamwaga maji kutoka kwenye chupa yake, akangoja. Alikuwa na tabia hiyo: akishamwaga, hasemi, anatazama tu maji yanavyoingia.

Tofali likilowa husema ukweli. Miraba minne ilitokea, safi kuliko matofali ya jirani, kama nguo iliyotiwa kiraka kipya. Alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima. Sentimita themanini kwa hamsini.

"Vipimo vya miguu ya jenereta?"

Konstebo alifungua karatasi ya maelezo ya mashine aliyopewa na Matroni. "Themanini kwa hamsini, afande."

"Kwa hiyo Limau alifuta hapa, kama alivyosema. Sasa njoo hapa katikati."

Katikati ya ile miraba minne, kwenye tofali moja tu, kulikuwa na duara. Halikuwa doa. Uso wa tofali ulikuwa umeliwa, saruji imekwenda, vikokoto vidogo vimebaki nje vinakwaruza kidole. Ukingo wake ulikuwa sawasawa kabisa, kama umekatwa kwa bikari. Inspekta aliweka karatasi juu yake, akasugua kwa penseli mpaka duara likajichora.

"Mnamwaga maji kwenye kibanda changu bila kibali?"

Bwana Stoo alikuwa amesimama nyuma yao. Mtu mwembamba, shati limenyooka, kalamu tatu za rangi tatu mfukoni, na fungu la funguo kiunoni lililomtangulia kila aendako. Alikuwa ameshika kitabu cha nakala. Kabla hawajajibu alikuwa ameshaandika, akachana karatasi ya juu, akamkabidhi Konstebo.

"Hii ni nini, mzee?"

"Malalamiko. Umekanyaga ua la waridi, saa tatu na dakika ishirini na mbili. Soma, utaona nimeandika mguu gani."

Konstebo alisoma. "Wa kushoto," alisema kwa heshima.

"Bwana Stoo," Inspekta alisema akiwa bado amepiga magoti, "afadhali umekuja. Tusaidie. Hili duara ni la nini?"

Bwana Stoo hakuinama. "Asidi ya betri. Betri ya jenereta huwa inavuja."

"Uliliona lini mara ya kwanza?"

"Leo. Hivi sasa, uliponionyesha."

"Kabla ya leo hujaliona?"

"Kabla ya leo jenereta ilikuwa juu yake, ningelionaje? Nina macho ya kupenya chuma?"

"Ilikuwa juu yake mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Nimeiwasha kwa mkono wangu, ikanguruma dakika kumi, nikaizima, nikaenda nyumbani. Jumapili kaja huyo fundi wenu. Jumatatu jenereta haipo. Hesabu yenyewe mtoto mdogo anaifanya."

"Ulimwonyesha wewe afute hapa?"

"Hapa? Hapana. Alijipeleka mwenyewe."

"Konstebo, umeandika?"

"Neno kwa neno, afande. Hata macho ya kupenya chuma nimeyaandika."

"Msomee. Akiridhika asaini."

Bwana Stoo alisomewa, akasahihisha nukta moja, akasaini kwa kalamu ya bluu, akaandika tarehe na saa bila kuombwa. Saa nne kasoro dakika tano. Kisha akasema anakwenda kubadili shati, maana yeye ni shahidi na saa sita anatakiwa kuondoka na askari kwenda mahakamani.

* * *

Nyumba ya Limau ilikuwa chumba kimoja chenye ua mdogo wa zege. Ua huo ulikuwa darasa. Kila pembe kulikuwa na doa: la kutu, la oili, la rangi, la majani ya chai, na pembeni ya kila doa sehemu iliyosafishwa na herufi iliyoandikwa kwa mkaa. Mkewe alikuwa anaanika nepi, pacha mmoja mgongoni, mwingine kwenye beseni kubwa lililotandikwa shuka.

Alipoona sare hakuacha kuanika. "Mmekuja kuchukua nini tena? Mkokoteni mmechukua, ndoo mmechukua, mume mmechukua. Limebaki beseni, nalo lina mtu ndani."

"Nimekuja kuuliza, dada," Inspekta alisema. Alifunua karatasi yenye duara la penseli. "Hii unaijua?"

Mwanamke aliitazama mara moja tu. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa la bati, refu kama kiganja, limekatwa kitako. Akaliweka juu ya duara.

Liliingia barabara. Hata unywele usingepita.

Konstebo alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na sindano.

"Ni langu hilo duara," mke wa Limau alisema. "Nimelifanya mimi. Huwezi kwenda kwa mtu na dawa usiyoijaribu kwenye tofali lake. Matofali hayafanani, mengine laini, mengine magumu. Kwa hiyo natangulia mimi. Natafuta mahali palipojificha, naweka kopo hili, nazungushia udongo ukingoni dawa isitambae, namimina, nangoja robo saa. La kwanza nilitia ndimu. La pili, unga wetu mweupe wa kutolea kutu, kwenye maji ya uvuguvugu. La tatu, katikati kwenye tofali tupu, asidi kali, ile ya vyooni."

"Na ya tatu ikala tofali."

"Ilichemka kama maziwa! Nikamwambia mume wangu, pale asidi kali hapana, tumia unga. Na klorini usiguse, klorini inafunga kutu ndani. Na brashi ya waya usithubutu, waya ukikatikia kwenye tofali unaota kutu upya, wiki ijayo wanakuita mwizi." Alisita. "Naona wameniwahi."

"Ulikwenda siku gani?"

"Alhamisi. Siku tatu kabla ya kazi. Ndiyo kawaida yetu, dawa nyingine inaonyesha ubaya wake baadaye."

"Nani alikuona?"

"Mlinzi alinifungulia. Kule nyuma nilikuwa peke yangu na mwanangu mgongoni."

"Na jenereta?"

"Jenereta gani? Palikuwa peupe, na nyayo nne za kutu. Nikasema hapa ndipo penyewe, kuna kutu ya kutosha na hakuna wa kuniona. Au unafikiri niliingia na kopo langu chini ya jenereta, na mtoto mgongoni? Mimi mjusi?"

Konstebo alikuwa anarukaruka pale alipo. "Afande, tumemaliza! Duara liko chini ya jenereta, limewekwa Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi jenereta haikuwepo. Bwana Stoo anasema iliondoka baada ya Jumamosi. Bwana Stoo ni mwongo!"

"Tulia," Inspekta alisema. "Jifanye wewe ni mwendesha mashitaka. Nini kinakuzuia kusema duara hili lilifanywa Jumapili, baada ya jenereta kuibiwa?"

Konstebo aliacha kurukaruka. "Hakuna," alisema. "Nitasema mke anamtetea mumewe. Na mlinzi atasema tu alimfungulia mwanamke geti, hajui alikwenda kufanya nini."

"Basi hatujamaliza."

Saa ya mkononi ya Inspekta ilionyesha saa tano na dakika nane. Mke wa Limau alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, nepi imeganda mkononi.

"Mnabishana nini? Si mumuulize yule mwenye funguo! Yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika!"

Inspekta aligeuka polepole. "Alilalamika nini?"

"Kuhusu lile tofali. Jumapili asubuhi, mume wangu hata ndoo hajashusha, yule bwana kamsimamia mbele, anasema mkeo kaniharibia tofali, nataka mbadilishe. Kampa na karatasi."

"Karatasi gani?"

"Mimi sijaiona. Mume wangu hajui kusoma, alidhani kibali cha getini, akaisokomeza kwenye mfuko wa aproni. Kurudi ananicheka, anasema kuna mtu analilia tofali lako kama amefiwa."

"Aproni iko wapi?" Inspekta na Konstebo waliuliza kwa pamoja.

"Kwenye ndoo. Na ndoo mmechukua nyinyi!"

* * *

Pikipiki ya kituo haikuwa ya mwendo, lakini siku hiyo ililazimishwa. Konstebo aliilaza kwenye kona mpaka goti likakaribia lami. Nyuma yake Inspekta alikuwa na simu sikioni. Mkuu wa kituo hapokei. Akapiga tena. Hapokei. Kwenye makutano ya barabara lori la kokoto lilikuwa limezima katikati, magari yamejipanga pande nne yakipigiana honi. Konstebo alipanda kwenye njia ya waenda kwa miguu.

"Samahanini! Samahani mama! Samahani mzee! Serikali inapita!"

Saa tano na dakika arobaini na moja waliingia kituoni. Gari la mahabusu lilikuwa tayari uani, mlango wa nyuma wazi, na mahabusu wanapanda wawili wawili. Kwenye benchi la kivulini alikaa Bwana Stoo, shati jipya, kitabu chake cha nakala juu ya mapaja.

Chumba cha vielelezo kilikuwa na kufuli, na mtunza vielelezo alikuwa anakunywa chai.

"Ufunguo," Inspekta alisema.

"Afande, ngoja nimalizie hii sukari iliyobaki chini..."

"Ufunguo!"

Kufuli lilifunguka. Mkokoteni ulikuwa umesimamishwa ukutani, ndoo tatu zimepangwa moja ndani ya nyingine, kila moja na kibandiko chake. Inspekta alivaa glavu. Ndoo ya juu, brashi za nailoni. Ndoo ya pili, mpira wa maji. Ya tatu, aproni ya turubai, imekauka ikawa ngumu kama ubao.

"Konstebo, andika. Aproni moja, ya kijani, ina mfuko mmoja mbele. Mtunza vielelezo, simama hapa uone ninachotoa."

Vidole vyake viliingia mfukoni. Vikatoka na kitambaa kichafu. Vikaingia tena. Vikatoka na kizibo cha chupa. Vikaingia mara ya tatu, mpaka kwenye pindo kabisa, vikatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe moja imelowana na kukauka.

Aliikunjua juu ya meza. Maandishi yalikuwa ya bluu, yamenyooka kama mistari ya daftari jipya. Konstebo alisoma kwa sauti, na kila mstari sauti ilipanda:

"Malalamiko. Kwa fundi wa madoa. Tofali moja limeliwa uso, duara kama kitako cha kopo. Mahali: kibanda cha jenereta, katikati. Limeonwa na mtunza stoo, Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi. Fundi alete tofali jipya. Saini." Alinyanyua macho. "Ijumaa, afande! Ijumaa! Kaandika mwenyewe!"

Nje, injini ya gari ilinguruma.

Inspekta alitoka mbio, akaenda kusimama mbele ya gari, katikati ya taa mbili. Dereva alikanyaga breki na mahabusu wote wakaangukiana. Mkuu wa kituo alishuka ngazi, mkanda unambana.

"Inspekta, una wazimu? Hakimu hangoji mtu."

"Dakika tatu, afande. Zikizidi nitakwenda kumwomba hakimu radhi kwa miguu."

Mkuu wa kituo alitazama saa yake. "Tatu."

Inspekta alikwenda kwenye benchi. Alimwonyesha Bwana Stoo karatasi bila kumkabidhi.

"Bwana Stoo, mwandiko huu wa nani?"

"Wangu." Alisema kwa kujivuna. "Nakala yake ninayo hapa kitabuni."

"Tunaweza kuiona?"

Alifunua kurasa mbili tatu, akaonyesha. Nakala ilikuwepo, herufi kwa herufi.

"Na tarehe? Huwa unakosea tarehe?"

"Mimi? Inspekta, mimi nina miaka kumi na tisa stoo. Sijawahi kukosea tarehe hata siku moja. Kamuulize Matroni."

"Nakuamini. Kwa hiyo Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, ulilitazama tofali hili ukaliona limeliwa uso."

"Nili..."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya ukurasa. Aliuvuta kidogo, kana kwamba angeweza kufunika tarehe, kisha akauacha.

Inspekta alitoa maelezo ya asubuhi. "Saa nne kasoro dakika tano leo umesaini hapa kwamba hujapata kuliona tofali hilo kabla ya leo, kwa sababu jenereta ilikuwa juu yake mpaka Jumamosi jioni. Umesahihisha na nukta. Ipi ni kweli?"

Mahabusu walikuwa wamejazana kwenye wavu wa gari wakisikiliza. Mtunza vielelezo alikuwa ameshika kikombe chake cha chai bila kunywa.

"Kumbe macho ya kupenya chuma unayo," Konstebo alisema.

Bwana Stoo aliitazama karatasi ile. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Mimi nilitaka tu tofali lirekebishwe."

"Jenereta iko wapi?"

"Lile tofali lilikuwa zima. Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu anaharibu mali ya zahanati, unanyamazaje?"

"Bwana Stoo. Jenereta."

"Kwa shemeji yangu. Ana mashine ya kusaga. Iliondoka Jumatano, kwa gari la zahanati. Mlinzi hafunui gari la ndani. Nikaandika imekwenda matengenezo."

"Ukaandika? Wapi?"

Alifunua kitabu chake kurasa chache nyuma na kuonyesha mahali. Konstebo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Huyu bwana kila kitu anaandika! Na zile nyayo za kutu?"

"Zilikuwa zimeanza kushika vumbi, zingeonyesha imeondoka siku nyingi. Fundi alikuwa anakuja kwa kazi ya Matroni. Nikaona..."

"Ukaona afute nyayo zako, kisha abebe mzigo wako," Inspekta alisema. Aligeuka. "Afande mkuu, nimetumia dakika ngapi?"

Mkuu wa kituo hakuangalia saa. Alikuwa anamwangalia Bwana Stoo, shingo imetuna. "Shusha mmoja," alimwambia dereva, "pandisha mmoja. Na mtu ampigie Matroni simu sasa hivi, aambiwe jenereta yake inarudi leo leo."

Mahabusu walipiga kelele za shangwe kana kwamba wameachiwa wote. Limau alishuka akipepesa macho kwenye jua. Konstebo alihangaika na pingu. Zilikuwa kuukuu, ufunguo unazunguka bila kushika, ikabidi azigonge kwenye bampa ya gari ndipo zikaachia. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia ziliacha mstari wa kahawia, mviringo kamili.

Limau aliutazama, akaunusa.

"Afande, pingu zenu zina kutu."

"Inatoka hiyo?" mkuu wa kituo aliuliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya.

"Kwenye ngozi? Hii ni ya maji tu."

Getini palisikika kishindo. Mke wa Limau aliingia anakimbia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, pacha mmoja mgongoni anacheka kwa mtikisiko, mwingine kaachwa kwa jirani. Watu wakampisha. Hakumsalimia mumewe, hakumkumbatia. Alimshika mkono, akaona ule mstari, akalowesha ncha ya kitambaa chake kwenye kikombe cha chai cha mtunza vielelezo, na palepale mbele ya askari na mahabusu na gari linalongoja, akaanza kuusugua.

Kutu ilitoka mara moja. Yeye aliendelea kusugua.